Maziwa Yakikusumbua Tumbo, Usiyaache Yote

Kikombe kikubwa cha maziwa nikikinywa na njaa huniletea mngurumo wa tumbo, ilhali mtindi wa kiasi hicho hicho haunidhuru hata kidogo. Tofauti hiyo inatokana na laktosi, sukari ya asili ya maziwa, ambayo kila molekuli yake ni glukosi na galaktosi zilizoungana. Utumbo hauwezi kuifyonza ikiwa nzima. Ni lazima kwanza ivunjwe na kimeng'enya kiitwacho laktasi, ambacho watoto wachanga huwa nacho kwa wingi, lakini kwa watu wazima walio wengi duniani hupungua. Laktosi isiyovunjwa huvuta maji ndani ya utumbo, kisha hufika kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huichachusha na kutoa gesi. Tumbo hujaa, na pengine mtu huharisha.

Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walieleza mabadiliko ya kijeni, yaliyoonekana Tanzania na Kenya, ambayo huwawezesha watu wengi wa jamii za wafugaji kuendelea kutengeneza laktasi ukubwani. Kwa hiyo jirani yako akimaliza kibuyu kizima bila shida, usishindane naye.

Ninachoshauri ni kupima kiasi kabla ya kuyaacha maziwa. Glasi ya mililita 250 ya maziwa ya ng'ombe ina takribani gramu 12 za laktosi, na wengi wenye tatizo hili hustahimili kiasi hicho, hasa wakinywa pamoja na chakula. Mimi huanzia nusu glasi, tena baada ya ugali. Kuchemsha hakusaidii, kwa kuwa moto huua vijidudu na kuiacha laktosi palepale. Mtindi ni afadhali, maana bakteria wake wamekwisha kuigeuza sehemu ya laktosi kuwa asidi ya laktiki, ile inayoleta uchachu na kuyagandisha maziwa. Jihadhari na maziwa ya unga, ambayo zaidi ya theluthi ya uzito wake ni laktosi. Ulimi hautakuonya, kwani utamu wake ni hafifu mno ukilinganishwa na sukari ya miwa. Samli karibu haina kabisa.

Ukivimba midomo au kutokwa na vipele baada ya kunywa maziwa, huo huenda ni mzio wa protini, na hapo kupunguza kiasi si dawa: muone daktari. Mtoto mchanga anayeharisha naye apelekwe kituo cha afya huku akiendelea kunyonya, ingawa maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe.