Zawadi ya mwalimu wa Hamisi

Muheza,
22 Novemba

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikiwa jikoni na mara ya pili baada ya swala ya isha, nilipokuwa nimetulia, na nimeona ni afadhali nikujibu kwa barua kuliko kwa simu, kwa kuwa jambo uliloniuliza ni refu kuliko linavyoonekana. Umesema kwamba shule ya Hamisi inafungwa wiki ya kwanza ya Desemba, kwamba wazazi wa darasa la kwanza wamekubaliana katika kundi lao kila mmoja achange shilingi 20,000 ili mwalimu wa darasa anunuliwe friji, na kwamba wewe mwenyewe ulikuwa umepanga kumpa kitu chako kando. Unataka kujua ninavyoona mimi, niliyekaa upande ule mwingine wa meza kwa miaka 35: zawadi gani inamfaa mwalimu, na je, ni halali kumpa?

Nianze na friji, maana ndilo lililonichelewesha kulala. Darasa lina watoto 61, kwa hiyo mchango ukikamilika ni shilingi 1,220,000. Sisemi kwamba mwalimu huyo hastahili. Anastahili friji na nyumba ya kuliweka. Lakini kwa maelezo yako amepanga chumba kimoja Kimara na huja kazini Tabata kwa daladala mbili, na friji halibebwi kwa mkoba. Litashushwa kwenye gari mbele ya ofisi ya walimu. Mwalimu wa darasa la tano, ambaye wazazi wake hawana kundi lolote la kumchangia, atalitazama likishushwa, na yule binti anayejitolea, asiye kwenye orodha ya mishahara ya serikali na anayeishi kwa posho ndogo mnayokusanya ninyi wazazi, naye atalitazama. Nimefanya kazi katika shule nne, na ninajua jinsi chai inavyonywewa kimya katika ofisi ya walimu siku kama hiyo. Mtakuwa mmempa friji na kumwondolea wenzake.

Kilichoniuma zaidi ni picha uliyonitumia ya ile orodha ya majina ya wazazi, waliotoa wakiwa na tiki na wasiotoa wakiwa na nafasi tupu. Ninyi mna watoto katika shule ya serikali. Tangu Januari 2016, mpango wa elimu bila malipo ulipoanza katika shule za serikali, tuliambiwa na kukumbushwa mara nyingi kwamba hakuna mtoto atakayesumbuliwa kwa sababu mzazi wake hakuchanga. Orodha yenye tiki ni mchango wa lazima uliovalishwa kanzu. Baba wa mtoto fulani anaendesha bodaboda ya mtu na jioni anapeleka hesabu kwa mwenye chombo. Akiliona jina lake bila tiki mbele ya watu 60, atakopa, na mwalimu atapokea deni la mtu bila kujua. Waambie wenzako waifute. Kila mtu atoe anachoweza, hata shilingi 2,000, fedha zikae kwa mtu mmoja mwaminifu asiyetaja nani katoa nini, na kadi iandikwe majina ya watoto wote 61, waliochanga na wasiochanga, kwa kufuata mpangilio wa daftari la mahudhurio. Hata zikipatikana shilingi 80,000 au 90,000 tu, zinatosha kitu cha heshima ambacho mwalimu anaweza kukibeba kwenye daladala bila kumwomba mtu msaada.

Hapa Muheza jambo hili lilikuwa rahisi zaidi, na sidai kwamba ni kwa sababu tulikuwa watu wema kuliko ninyi. Msimu wa machungwa ukifika kila nyumba ina machungwa, kwa hiyo kila mtoto alikuja na machungwa yake, mengine kwenye kikapu, mengine kwenye shati lililokunjwa, na hakuna aliyejua nani ni tajiri. Tulikula mpaka tukachoka, tukagawa, na bado ndoo ilijaa. Unakumbuka wewe na kaka yako mlivyokuwa mkiyakimbia?

Sasa swali lako la uhalali. Ninajua kwamba Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamshika mtoaji kama inavyomshika mpokeaji, pale kitu kinapotolewa ili mtumishi atende au aache kutenda jambo katika kazi yake. Shukrani ya mwisho wa mwaka, isiyoomba kitu, haiko huko. Hata hivyo mimi sikujifunza jambo hili kutoka kwenye sheria, kwa sababu lilinipata miaka kumi kabla haijatungwa, na sijawahi kukusimulia.

Mwaka 1997 nilikuwa ninafundisha darasa la nne. Wiki moja kabla ya mitihani ya kumaliza muhula, mzazi mmoja alinijia nyumbani na doti ya khanga na kilo tano za sukari. Hakuomba kitu. Alisema ni shukrani tu kwa sababu mwanawe ameanza kupenda shule, na mpaka leo ninaamini alisema kweli. Nikapokea, tukanywa chai, akaenda zake. Wiki iliyofuata, nilipokuwa ninasahihisha insha usiku kwa taa ya chemli, nikafika kwenye karatasi ya mtoto yule. Ilikuwa insha ya alama sita. Kalamu nyekundu ikasita mkononi mwangu. Nikaandika saba, nikaikata, nikaandika sita, nikaiweka kando, nikasahihisha nyingine tano, kisha nikairudia. Mwishowe niliandika sita na nusu. Hakuna aliyeniomba ile nusu, na haikumpandisha mtoto hata nafasi moja, lakini wale wengine waliostahili sita walibaki na sita zao. Sijaisahau nusu ile.

Kwa hiyo wewe usijiulize tu kama una nia safi. Najua unayo. Jiulize pia zawadi itamkuta mwalimu akiwa na nini mkononi, na kama ni kalamu nyekundu, subiri. Wenzako waliopendekeza Siku ya Walimu Duniani, ile inayoadhimishwa kila tarehe 5 Oktoba tangu mwaka 1994, wangefanya vizuri kuitumia kwa kadi na nyimbo za watoto, maana huangukia kabla ya mitihani ya kufunga mwaka. Vitu vya thamani vingoje mpaka ripoti ziwe zimetoka na mmeshazisoma. Na kwa kuwa Rehema, mdogo wake Hamisi, naye ataingia darasa la kwanza baada ya miaka miwili na huenda akafundishwa na mwalimu huyohuyo, kitu chako binafsi kiwe kidogo hasa. Bahasha ya fedha usimpe kabisa. Nimepokea bahasha mara chache, na kila mara nilipomwona mzazi yule sokoni nilijiona kama mtu anayedaiwa.

Umeniuliza kitu gani hasa. Vikombe vyenye picha achana navyo. Nilistaafu nikiwa na vikombe 19 na sina wageni 19. Keki ni nzuri, lakini walimu wengi wa rika langu tuna sukari na tunaila kwa kuona haya. Viatu na nguo zilizoshonwa zinahitaji vipimo, na manukato ni ya mume kununua. Chaki, kalamu nyekundu na manila usimfungie kama zawadi, kwa sababu hivyo ni vifaa vya kazi ambavyo shule inapaswa kumpa, na mwalimu anayefunguliwa boksi la chaki mbele ya watu ni kama mpishi anayetuzwa mwiko. Mkitaka kuisaidia shule kwa vifaa, pelekeni kwenye kamati ya shule, muandikiwe risiti, lakini msiseme kwamba mmempa mwalimu.

Kwa mchango wa darasa mimi ningenunua kitenge cha yadi sita, kwa sababu kinatosha gauni refu na kilemba na yeye mwenyewe atachagua fundi na mshono. Kama angekuwa mwanamume ningesema kikoi kizuri, basi. Lakini zawadi yako wewe iwe khanga, na hapa nisikilize vizuri, kwa sababu ninyi wa Dar mnanunua khanga kwa rangi. Khanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na aliyezaliwa Tanga husoma jina kabla hajauliza bei. Mwaka mmoja, kwenye mahafali ya darasa la saba, wazazi walimtunuku mwalimu mkuu wetu doti ya rangi ya zambarau iliyopendeza sana. Alikuwa mama mkali wa maneno; gwaride likivurugika, sauti yake ilifika barabarani. Akaikunjua mbele ya umati wote, akainyoosha kwa mikono miwili, na sisi tuliokaa mbele tukasoma: "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Walianza kucheka wanafunzi, kisha mgeni rasmi. Wazazi waliapa kwamba waliitazama rangi tu. Yeye aliivaa Jumatatu iliyofuata kwenye kazi, akapita nayo kila darasa bila kusema neno, na nidhamu ilikuwa nzuri wiki nzima.

Juzi nimeona hapa dukani doti yenye jina "Wema hauozi," ya kijani na nyeupe. Hiyo inafaa. Haimsifu kupita kiasi, haina mafumbo ya mke mwenza wala jirani, na anaweza kujitanda nayo popote.

Ukishampa khanga, kuna jambo jingine ambalo halitakugharimu hata shilingi mia na ambalo sikuwahi kumwona mzazi akilifanya zaidi ya mara moja. Mwandikie mwalimu mkuu barua. Wazazi huandika kwa mwalimu mkuu wanapolalamika: mtoto kapigwa, mtoto kapoteza sweta, mwalimu hakuwepo. Barua hizo huingia kwenye jalada la mwalimu na kukaa humo. Nilipostaafu mwaka 2019 niliruhusiwa kupitia jalada langu, na nilikuta barua za uhamisho, barua mbili za kutakiwa kujieleza, na barua moja tu ya shukrani, ya mama mmoja muuza samaki aliyeiandika mwaka 1993 kwenye karatasi ya daftari la hesabu. Aliandika kwamba binti yake sasa anamsomea majina kwenye kitabu cha wadeni. Niliomba nakala, na ninayo kabatini.

Basi andika rasmi, na anwani yako juu, na "Yah: Shukrani kwa mwalimu wa darasa la kwanza B," na nakala kwa Afisa Elimu Kata. Usiseme tu kwamba ni mwalimu mzuri, kwani hilo huandikwa hata kwa anayehamishwa kwa furaha. Andika ulichokiona: kwamba Hamisi aliingia Januari akiwa hajui kushika penseli, kwamba mwalimu alimkalisha dawati la mbele alipogundua haoni vizuri ubaoni na akakuita ili umpeleke hospitali ya macho, kwamba sasa anasoma mabango ya daladala kwa sauti mpaka abiria wanageuka. Ulinisimulia hayo yote kwenye simu, na mwalimu mkuu wake hayajui. Mtaje na yule binti wa kujitolea kwa kazi yake, ikiwa ni kweli ndiye aliyekuwa akibaki nao mchana. Kwake barua kama hiyo inaweza kuwa na uzito zaidi siku atakapoomba ajira. Na kama fedha za mchango zitabaki baada ya kitenge, mnunulieni naye kitu, hata kama ni kidogo.

Hamisi naye amwandikie mwalimu sentensi moja au mbili, na wewe usizisahihishe. Mwalimu wa darasa la kwanza anafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, kisha Desemba watoto wote wanaondoka na kazi yake, na hakuna mtu mzima anayekumbuka nani alimfundisha kutofautisha "ngoma" na "ng'ombe." Akiona Hamisi kaandika ng' na kile kijialama chake mahali pake, ataelewa bila kuelezwa. Akiona kakisahau, atacheka, na atajua kwamba mama yake hakumshika mkono.

Doti nitainunua mimi kesho, kabla haijachukuliwa, na nitaikabidhi kwa kondakta wa basi la asubuhi la Alhamisi. Namba ya basi nitakutumia. Nenda ukaipokee wewe mwenyewe, usimtume dada wa kazi, kwa sababu nitaweka ndani ya mfuko huohuo samli na pilipili za kaka yako, na mara ya mwisho kopo la samli lilifunguka njiani. Nitaifunga khanga kwa nailoni mbili. Ukiona imeingia mafuta, usimpe mwalimu. Niambie mapema nitafute nyingine kabla hawajafunga.

Msalimie sana baba Hamisi, na mwambie Rehema bibi amemwekea ukwaju.

Mama yako