Kulia kwa Nani? Majibu kwa Watengeneza Gemu

Safari hii maswali yote yametoka kwa wanaotumia Godot 4, programu ya kutengenezea gemu.

Swali: Mwalimu, risasi naiweka pikseli 20 kulia kwa mchezaji. Akitazama kulia inatoka vizuri mdomoni mwa bunduki, akigeuka inatokea ubavuni. Nakosea wapi?

Jibu: Zile 20 umezijumlisha upande wa kulia wa skrini, nawe unataka kulia kwa mchezaji. Yeye akigeuka, skrini haigeuki naye. Andika hivi:

risasi.global_position = mchezaji.to_global(Vector2(20, 0))

Tuseme yuko (300, 200) na amegeuka digrii 90. Hesabu yako inaipeleka risasi (320, 200). Hii ya to_global inaizungusha kwanza (20, 0) iwe (0, 20), ndipo inajumlisha: (300, 220). Hapo ni chini yake, na chini ndiko anakotazama, maana katika 2D ya Godot y huongezeka kuelekea chini, na pembe chanya huzunguka kama mshale wa saa. Sisi tuliochora grafu shuleni y ikipanda juu hunasa hapa kila mara, kwa hiyo chora kwenye karatasi kabla ya kugusa skripti. Tena, risasi usiifanye mtoto wa mchezaji, yaani nodi (kipande cha gemu) iliyofungwa kwake kama mzazi. Ikishatoka itaendelea kugeuka naye hewani. Iongeze kwenye ramani kwa add_child, kisha ndipo uipe mahali.

Swali: Upanga unamgusa adui kabisa, lakini umbali unasoma 725!

Jibu: Umetumia position, ambayo huhesabiwa kutoka kwa mzazi wa nodi. Upanga ulio mkononi mwa mchezaji husoma (10, 0) popote aendapo. Adui aliyewekwa moja kwa moja kwenye ramani husoma (640, 360). Tumia global_position, ambayo huhesabiwa kutoka mwanzo wa ramani, kwa wote wawili.

Swali: Adui atajuaje kwamba mchezaji yuko nyuma yake?

Jibu: Ita adui.to_local(mchezaji.global_position), inayokupa mahali pa mchezaji kwa kumhesabia adui mwenyewe, uangalie x. Kama adui amechorwa akitazama kulia, x hasi ni nyuma. Pembe huzihitaji kabisa.

Ila ukimgeuza adui kwa flip_h, inageuka picha tu, nodi inabaki ilivyokuwa, na jibu litakuja kinyume. Na ukihamia 3D, mbele ya Godot ni -Z, ilhali ya Unity, programu nyingine ya gemu, ni +Z. Ukinakili skripti ya huko bila kubadili alama, adui wako ataona kwa kisogo.