Mume wangu anachana mirungi, halafu anameza valiamu

Swali: Shikamoo mama. Mume wangu ni dereva wa lori, ruti yake ni Dar–Nairobi. Akipitia nyumbani anakesha macho kodo, chakula hagusi, neno dogo tu ugomvi. Nikifua naokota vijiti na karatasi za bigijii mifukoni. Anasema miraa ni halali Kenya, hata Uingereza inauzwa dukani, hivyo si dawa za kulevya. Siku hizi anameza valiamu ili alale. Nifanyeje?
*Mke wa dereva, Arusha*

Jibu: Marahaba mwanangu. Mimi hiyo valiamu inanitisha kuliko vijiti.

Majani mabichi ya mirungi yana kathinoni, inayousisimua mwili kama amfetamini: moyo unakwenda mbio, presha inapanda, njaa inakata. Usingizi hauondoki, unafichwa tu, na stimu ikishuka unaweza kumzoa mtu akiwa kwenye usukani. Ndipo huja vidonge au pombe kali vya kumlaza, na kesho anachana tena ili aamke. Valiamu ina uraibu wake, na ikichanganywa na pombe inaweza kukata pumzi. Lakini kama anaimeza kila siku asiiache ghafla, anaweza kupata degedege. Daktari ampunguzie taratibu.

Ugomvi nao ni wa stimu kushuka. Ukitaka kuzungumza naye, subiri awe amelala na kula.

Kuhusu sheria, Kenya amesema kweli. Meru wanasomesha watoto kwa miraa. Uingereza waliipiga marufuku mwaka 2014, sijui duka lake ni lipi! Na hapa kwetu, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inaibana mirungi kama inavyoibana bangi. Mashamba ya Same yanafyekwa kwa sababu hiyo. Akivuka Namanga na kitita ndani ya kabini, hoja ya Kenya haitamwokoa mahakamani, na lori linaweza kushikiliwa kama kielelezo. Mkumbushe hilo la lori. Madereva wengi humwogopa tajiri kuliko presha.

Akapime presha wiki hii, na amweleze daktari yote mawili, mirungi na valiamu. Akiacha mirungi, tegemea siku kadhaa za uchovu, usingizi mwingi, ndoto mbaya na kununa. Ila kifua kikimbana, akisikia sauti zisizokuwepo au akidhani anafuatwa, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.