Kwa nini nilibadilisha mwisho wa hadithi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kwa nini hadithi ya msichana aliyekataa wachumba nilimsimulia mjukuu wangu tofauti na nilivyokusimulia wewe, na kama ni uzee umeanza kunisahaulisha. Sijasahau hata neno moja, mama. Nilibadilisha kwa makusudi.

Bibi yangu kule Magu alisimulia hivi. Msichana anawakataa wachumba wote kwa kuwa kila mmoja ana kovu. Anatokea kijana mgeni, ngozi yake laini haina hata alama, naye anamfuata. Kumbe ni simba. Anayemwokoa ni kaka yake mwenye upele, yuleyule ambaye dada alimfukuza kwa mawe asije akamwaibisha ugenini. Anarudi nyumbani na kuolewa na mtu aliyechaguliwa na baba.

Utotoni niliichukua kuwa hadithi ya utii tu. Nimekuja kujiuliza ukubwani: kwa nini kaka? Kwa nini si mama, au jirani? Kwetu Usukumani, ng'ombe wa mahari ya dada ndio kaka aliotolea mahari yake. Dada akiondoka na mtu asiyejulikana ukoo, kaka naye anabaki bila mke. Yule kijana wa upele alimpenda dada yake, sikatai, lakini kule porini alikuwa akifuata pia nyumba yake mwenyewe. Bibi hakueleza hilo kwa sababu kila aliyeota ule moto alilijua.

Ndivyo ninavyomsoma Mwana Kupona pia, yule mshairi wa pwani, ambaye najua hukumpenda kabisa ulipokuwa kidato cha tano. Mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, mumewe Bwana Mataka wa Siyu amekwisha kufariki, naye akamtungia binti yake utenzi: atafute radhi tano, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume. Wewe ulisema anamfunga mwanawe kamba. Mimi namwona mama anayejua siku zake zimebaki chache, akimtafutia mwanawe pa kujihifadhi, na siku zile mlango aliouona wazi ni wa nyumba ya mume.

Halafu ikaja Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi, mwaka 1971. Tuliisoma kwa kupokezana, kwa kificho, maana ilikuwa imepigwa marufuku shuleni. Baba anamlinda binti kwa kipigo, binti anatoka nyumbani hajui lolote kuhusu wanaume, anaharibikiwa, mwishoni anajiua. Nililia usiku kucha. Kwa mara ya kwanza nilisoma hadithi ambayo msichana anaanguka, na kidole kinamwelekea baba. Mwaka huohuo ikatungwa Sheria ya Ndoa hapa Tanzania, ikasema mume au mke hana haki ya kumchapa mwenzake, huku ikiruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15. Nchi ilikuwa imeinua mguu mmoja, wa pili bado uko palepale. Na riwaya ilikuwa hivyohivyo: ilimhurumia Rosa, ila haikupata njia ya kumwacha hai. Kifungu kile cha umri kilingoja mpaka 2016 Mahakama Kuu ilipotamka kuwa kinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Kati ya kitabu na hukumu hiyo mna wanafunzi wangu wengi walioacha madaftari yao mezani, wakaenda kuolewa. Nyuso zao ninazikumbuka.

Basi jioni ile nilikuwa nasimulia kama kawaida, hadithi njoo, utamu kolea, mpaka nikafika pale kaka anapotokea. Mwanao akanikatiza: "Bibi, kwani huyo dada hana miguu?" Sikuwa na jibu. Nikamwacha msichana atoroke mwenyewe usiku simba akiwa amelala, na kaka nikamkutanisha naye njiani, wakarudi pamoja. Wewe nilikusimulia ile ya zamani kwa sababu hukuniuliza, nami sikuwa nimejiuliza vya kutosha. Hilo linaniuma kidogo.

Lakini sitaki ile ya bibi yangu ipotee. Mkija Desemba nitamsimulia hiyo pia, na upele wake na mawe yake na ng'ombe wake wote. Nawe ukae karibu, umsikie atauliza nini.

Mama yako