Kabla hujauliza dawa, angalia mzee anakaa wapi na nani

Watu wakisikia mzee ana dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, swali la kwanza ni dawa gani, na mimi nawaelewa kabisa, ila kwa nilivyomuuguza mama naona swali la kwanza lingekuwa anakaa wapi na anakaa na nani. Dawa zilizopo zinawapunguzia dalili baadhi ya wagonjwa, haziponyi. Chumba unaweza ukakibadilisha leo hii hii.

Mfano mama alikuwa akifika mlango wa bafu anagoma, anashika ukuta, ukimsogeza anapiga kelele, kila mtu akasema ugonjwa umezidi. Kumbe ni kile kizulia cheusi cha kufutia miguu, anakiona shimo! Kilipotolewa akaingia bila shida. Ubongo ukiathirika macho yanaona vizuri tu lakini tafsiri inapotea, ndo maana sakafu yenye marumaru za maua maua inamtisha, kioo kinamwonyesha "mtu mgeni", na choo cheupe kwenye sakafu nyeupe hakioni kabisa. Weka kifuniko cha rangi nyingine, funika kioo kama kinamsumbua, basi.

Halafu jioni. Wengi jua likianza kuzama wanahangaika, anakwambia nataka kwenda nyumbani na yupo nyumbani. Usibishane naye jamani, hutashinda. Washa taa mapema kabla giza halijaingia, funga pazia, na ile TV inayopiga kelele hakuna anayeiangalia izime, mchana mtoe nje apate jua atembee kidogo, usiku atalala vizuri zaidi.

Sasa upande wa watu, hapa ndo nina maneno mengi. Ripoti ya tume ya wataalamu ya jarida la kitabibu la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia, ikakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeweza kuepushwa au kucheleweshwa kama yote yangedhibitiwa. Presha na kisukari vimo, hayo tunayajua, lakini humo humo kuna upweke, hewa chafu, kutosikia na kutoona vizuri. Na haya yanavutana: mtu asiyesikia anachoka kuuliza "umesemaje", anaanza kuitikia tu, baadae anakaa kimya pembeni watu wanasema mzee siku hizi mpole. Sio upole huo. Mpeleke akapimwe masikio, pengine ni nta tu imeziba, pengine anahitaji kifaa cha kusikia, na macho pia yapimwe.

Wageni waje mmoja mmoja au wawili, wasijae sebuleni wote wanaongea kwa pamoja. Na ule mtindo wa kumsimamia mzee "haya mimi nani? nitaje jina!" uacheni, unamwaibisha mtu mzima mbele za watu. Sema tu "mama, ni mimi fulani, nimekuja kukusalimia", kaa mbele yake akuone uso. Mpe na kazi. Mama alikuwa anakunja nguo, anazikunja vibaya, anazikunjua anaanza upya, na siku akikunja anakuwa na furaha kuliko siku akikalishwa tu kwenye kiti.

Kitu kingine ambacho familia nyingi hazikipendi nikikisema: kumzungusha mzee kwa zamu, mwezi huu kwa kaka mwezi ujao kwa dada. Naelewa mnagawana mzigo ila kila nyumba mpya anaanza upya kutafuta choo kiko wapi. Kama inawezekana yeye abaki sehemu moja, nyie ndo mzunguke kumfuata, na anayekaa naye kila siku apate mtu wa kumpokea apumzike.

Ila angalieni, mzee aliyekuwa na hali yake ya kawaida akibadilika ghafla ndani ya siku moja mbili, akawa anaweweseka au amelala tu, usihangaike na taa wala pazia. Hiyo inaweza kuwa maambukizi, mara nyingi ya mkojo, au upungufu wa maji au dawa mpya aliyoanzishwa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na dawa zake zote ubebe.