Nani Atakisogeza Kiti?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma zaidi ya mara moja. Unaniuliza kama ni kupoteza wakati, kwa mtu mzima mwenye kazi, kukaa kila jioni akipamba nyumba za wanyama katika mchezo wa video, na kama ningekuwa wewe ningeacha. Suala la wakati halinisumbui sana, kwa maana aliyechoka hupumzika pale anapopata nafuu. Linalonishughulisha ni jingine: katika nyumba hizo, ni nani anayekupinga?

Ulipokuja kututembelea ulinionyesha Happy Home Paradise, ile nyongeza ya mchezo wa Animal Crossing: New Horizons iliyotoka mwaka 2021, nami nikakaa ubavuni mwako nikitazama. Mteja, mnyama mwenye kuongea, anafika visiwani, anaeleza nyumba anayoiota, anataja vitu vichache anavyotaka viwemo, na kuanzia hapo kila kitu kiko mikononi mwako. Ulikuwa ukigeuza kochi, ukibadilisha ukuta kwa kubonyeza tu, ukichagua mwanga na hata sauti za kusikika chumbani. Hakuna saa inayokukimbiza, hakuna alama za kukufelisha. Niliona mabega yako yakilegea na nikashukuru. Lakini yule mteja wa mwisho ulimrundikia vitu vyake kwenye kona moja kwa makusudi, naye akashangilia vilevile, na hapo furaha yangu ikapungua.

Nimelisema tangu mkiwa wadogo na ninalisema tena: chumba hakijawa chumba mpaka mtu mwingine anayekaa humo akisogeze kiti.

Unaikumbuka ile nyumba ya kupanga yenye ngazi nyembamba. Mwenye nyumba alikataza hata msumari mmoja, kwa hiyo picha zetu zote zilikaa sakafuni zikiegemea ukuta. Baada ya kusihiwa sana alikubali tupake rangi chumba chenu kwa gharama yetu. Baba yako alitaka nyeupe kwa sababu dirisha lilikuwa dogo. Mimi nilitaka kijani hafifu. Kaka yako akaja na njano, na wewe ukamuunga mkono kwa sababu tu alikuwa kaka yako. Tulibishana jioni nzima. Kisha tukapiga msasa, tukaziba nyufa, tukapaka njano hiyo ambayo mimi na baba yako hatukuitaka, na asubuhi mwanga ulipoingia, baba yako alisimama mlangoni muda mrefu, akasema kwamba hajawahi kuona chumba kizuri kama kile. Ninapoyaandika haya ninatabasamu. Haukupita muda mwenye nyumba akaja, akapitisha kiganja ukutani, akatusifu kwa kazi nzuri, kisha akatutaka tuhame, kwa kuwa sasa amepata mtu wa kulipa kodi kubwa zaidi. Sifa zile ziliniuma kuliko notisi yenyewe, na hadi leo zinaniuma.

Hapo ndipo ninapoanza kubishana na nafsi yangu. Laiti wakati ule ningepewa ukuta ambao hakuna wa kunifukuza, ningeukataa? Nisingeukataa hata kidogo. Wewe nawe unaishi katika kuta za watu, na mwenye kuishi hivyo anastahili mahali pa kupigilia msumari bila kuomba ruhusa, hata kama mahali penyewe ni kwenye kioo cha mchezo. Wala sikubali kwamba haya ni mambo ya kitoto. Will Wright, aliyebuni The Sims, mchezo wa kujenga nyumba na kuongoza maisha ya watu wadogo wa kubuni, nyumba yake iliteketea katika moto mkubwa wa Oakland, Marekani, mwaka 1991, na katika kuanza upya maisha, akitafakari ni vitu gani mtu huvihitaji kweli, ndipo wazo la mchezo huo likamjia. Mwanzoni ulikuwa mchezo wa usanifu wa majengo, na wale watu wadogo waliingizwa ili wapime kama nyumba inafaa kukaliwa. Basi hata yeye aliona kwamba nyumba haijipimi yenyewe.

Utaniambia kwamba ubishi umeushiba kazini na hutaki mwingine jioni. Nakuelewa. Lakini ule mchezo mwingine uliokutoa machozi, Unpacking, nao ni wa utulivu, na hauna kazi nyingine ila kutoa vitu kwenye maboksi na kuvipanga. Binti mwenye vitu hivyo anahamia kwa mwanamume mwaka 2010, na cheti chake cha chuo hakipati nafasi ukutani hata ufanyeje, hadi unakisukuma chini ya kitanda. Ulilia kwa sababu nyumba ile ilikukatalia jambo. Wateja wako wa visiwani hawajawahi kukukatalia chochote, na ndiyo maana siku ile nilipokuuliza jina la mmoja wao, ulikuwa umeshalisahau.

Hukumu uliyoitaka siitoi, ingawa ulimi unaniwasha na baba yako ananihimiza niitoe. Ninachokuomba ni kimoja. Mwezi ujao mwenzako anahamia kwako, na katika barua yako umeniandikia kwamba kochi jipya umeshalipangia mahali pake, na pazia umeshalichagua. Mwache alisogeze kochi hilo, mbishane, halafu uniandikie limeishia wapi.

Wako akupendaye,
Mama