Jemu ya tini jijini Nairobi: pima maji yako kwanza

Sufuria yangu ya kwanza ya jemu ya tini iligeuka gundi. Nilikuwa nimefuata maelekezo ya kitabu hatua kwa hatua, na kitabu kilisema ningoje mpaka kipimajoto kifike nyuzi 105 za selsiasi. Kipimajoto kilikawia, nami nikazidi kukoroga, na kilipofika hatimaye, kilichokuwa sufuriani kilikuwa na rangi ya kahawa na kilinata mwikoni kama peremende iliyoyeyuka. Kesho yake kisu hakikupenya ndani ya chupa. Hasara hiyo iliniuma sana, kwa maana tini zile zilitoka katika mti wetu wa uani, na nilikuwa nimezilinda kwa majuma kadhaa zisimalizwe na kuzumburu.

Kosa halikuwa la tini wala la sukari, bali la mwinuko. Maelekezo mengi ya jemu huandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100 na jemu huwa tayari inapozidi kiwango hicho kwa nyuzi 4 au 5. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, kwa hivyo jemu yetu huwa tayari inapofika nyuzi 98 au 99. Anayengoja 105 katika jiji hili huwa anakausha maji ambayo jemu inayahitaji, na anachokipata ni peremende. Mpishi wa Mombasa anaweza kukifuata kitabu kama kilivyo, lakini wa Limuru, aliye juu kutuliko sisi, itambidi ashushe kiwango hicho cha nyuzi zaidi. Ushauri wangu ni kwamba kabla hujakata hata tini moja, uchemshe maji matupu, utumbukize kipimajoto bila kugusa kitako cha sufuria, usome kinachoonyesha, kisha uongeze nyuzi 4 hadi 5. Kwa njia hiyo, hata kipimajoto chenye kasoro kidogo hakitakupotosha.

Asiye na kipimajoto atumie sahani. Weka sahani mbili ndogo kwenye friza unapoanza kupika. Ukiona mapovu mepesi yamekwisha na jemu inatokota kwa uzito, ikirusha matone mazito, zima moto, udondoshe kijiko kidogo cha jemu kwenye sahani baridi, na baada ya dakika moja uisukume kwa ncha ya kidole. Ikijikunja juu kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, iko tayari. Ikirudi na kuujaza mfereji wa kidole, washa moto tena kwa dakika chache. Ni muhimu kuzima moto wakati wa kupima, kwa sababu dakika mbili za mwishoni zinatosha kuiharibu.

Kuhusu matunda yenyewe, tini haiivi zaidi ikishachumwa, kwa hivyo usidanganywe na muuzaji anayekuambia kwamba zile ngumu zitalainika nyumbani. Tini iliyo tayari hulegea shingo na kuinama mtini, na mara nyingine hutoa tone la utamu chini. Unapochuma, jihadhari na utomvu mweupe unaotoka kikonyoni, kwani huwasha ngozi, na ngozi iliyopakaa utomvu huo ikipigwa na jua inaweza kutoka malengelenge. Mimi huvaa glavu na nguo ya mikono mirefu.

Kwa kilo 1 ya tini zilizokatwa vipande vinne vinne, natumia gramu 600 za sukari nyeupe na mililita 60 za maji ya limau. Limau si la ladha tu, na naomba lisiachwe. Tini zina asidi kidogo kuliko matunda mengi tunayopikia jemu, na bila asidi ya kutosha pektini, yaani kile kitu cha asili ndani ya tunda kinachogandisha jemu, haishikani vizuri, na usalama wa jemu chupani nao hupungua. Nachanganya tini na sukari jioni, nafunika, na asubuhi nakuta zimeelea katika maji yake zenyewe, hivyo sihitaji kuongeza maji na muda wa kukaa motoni unapungua. Limau naliongeza ninapowasha moto. Epuka sufuria ya alumini, kwa kuwa asidi huichokoza na kuacha ladha ya chuma. Tumia ya chuma cha pua yenye kitako kizito. Wanaopenda viungo waweke iliki mbili tatu zilizopondwa, ambazo kwa maoni yangu hukaa na tini vizuri kuliko mdalasini.

Mwinuko hurudi tena wakati wa kufunga chupa. Ninazichemsha chupa tupu, najaza jemu ingali moto na kuacha nafasi ndogo juu, nafuta midomo kwa kitambaa safi, nafunga kwa mifuniko mipya, kisha nazitumbukiza chupa zilizojaa katika maji yanayochemka na yanayozifunika kabisa. Maelekezo ya usawa wa bahari husema dakika 5. Kwa kuwa maji yetu huchemka yakiwa na joto dogo, mimi huziacha dakika 15. Zikipoa, kitovu cha mfuniko huwa kimebonyea, na kikibonyezwa hakiruki. Chupa ambayo mfuniko wake unaruka huingia friji siku hiyo hiyo na kuliwa kwanza. Nyingine huandikwa tarehe na kuwekwa kabatini mbali na mwanga, na ikifunguliwa yoyote huhamia friji. Ukiona ukungu, hata mdogo kama punje ya mtama, usiukwangue ukala kilichobaki. Mwaga chupa nzima.